Ubaridi wa Vudee Ndani ya Friji ya Mgiriki

Mbele ya duka la Mhindi, hatua mia moja hivi kutoka stesheni ya Same, palikuwa na benchi lililoundwa kwa mataruma mawili ya reli yaliyotupwa, na hapo Yahaya aliuza kahawa kila siku baada ya sala ya alasiri. Mwaka ule wa kura tatu benchi lilikuwa na wenyewe. Asheri alikaa upande wa stesheni. Kazi yake ilikuwa kubadili njia za treni na kuinua signali, basi wakamwita Signali, na hata siku asiyokuwa na zamu hakuweza kukaa akiipa reli mgongo. Katikati alikaa Eliamini, aliyepigana Burma akarudi na koti la jeshi na jina la Bama. Filipo, mzee wa kanisa ambaye hakuonja pombe tangu siku ya kipaimara, alikaa mwisho kabisa, karibu na birika, na ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote juu ya pombe. Wa nne alikuwa Anaeli. Kwa miaka ishirini na miwili alitunza stoo ya shamba la mkonge bila kupotelewa hata na msumari, wakamwita Bwana Stoo. Tangu Jumanne ya wiki ile walimwita Digrii.

Alhamisi alifika na daftari kwapani, akaketi, hakuagiza kahawa.

— Digrii, leo ngapi? akauliza Signali.

— Usiniite hivyo. Asubuhi sitini na moja. Saa nne, sabini na nne. Nikafunga, nikafungua tena, sitini na nane. Saa sita kasorobo, hamsini na tisa.

— Hamsini na tisa ya nini?

— Digrii.

— Si ndivyo nilivyokuita, ukakataa?

Yahaya akamwekea kikombe bila kuagizwa. Anaeli akakishika, hakunywa. Jumamosi alfajiri chungu kilipaswa kupanda mlimani, na leo ilikuwa Alhamisi.

Habari yenyewe wote waliijua. Mwanawe Tumainieli, mwalimu wa shule, alikuwa amemposa Ruthi, binti wa Vudee, na pombe ya posa ilikuwa juu ya Anaeli. Pombe hiyo ni dengelua, ya miwa, na kwa desturi ya ukoo wao hutoka jikoni kwa baba wa kijana. Ikipikwa kwingine haihesabiwi. Chungu cha kwanza alikipeleka mwezi uliopita. Mjomba wa binti, ambaye ndiye mwonjaji, alipiga funda moja, akaweka kibuyu chini kwa adabu, akaomba maji. Hakuna aliyemtukana mtu. Anaeli alirudi Same na chungu kimejaa. Chungu cha pili kikikataliwa, mlango hufungwa, na watu wa Gonja, nao wakitafuta mke wa kijana wao, walikwisha kuonekana wakiuliza njia ya nyumba ile.

Tatizo lilikuwa Same yenyewe. Juu Vudee, maji ya miwa hutiwa chunguni pamoja na vipande vya tunda la mwegea, na ubaridi wa mlima huyachachusha polepole mpaka pombe ikolee na utamu wake ubaki. Same joto huiendesha mbio. Usiku wa kwanza inatoa povu hadi sakafuni, siku ya tatu ni siki.

Ndipo Anaeli alipoikumbuka friji. Bwana wake wa zamani, Mgiriki, alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia friji ya mafuta ya taa na kipimajoto kimoja cha ukutani, cha digrii za Farenhaiti. Anaeli hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikifunga kipimo kile ndani ya soksi, akapanda nacho Vudee kwa miguu, akakitundika katika nyumba ya marehemu mama yake, pale pembeni vyungu vilipokuwa vikikaa, akakaa akikitazama mchana mmoja na usiku mmoja. Sitini na tano mchana. Sitini na nne alfajiri. Sitini na tano tena. Waliopita walimpa pole wakidhani anaumwa. Akateremka na ile sitini na tano kichwani, kama mtu aliyechukua kaa la moto kwa jirani na anaogopa lisizimike njiani.

Jumanne akatia maji ya miwa chunguni, akaweka chungu ndani ya friji upande wa chini, akakitundika kipimo kwa uzi kwenye waya wa rafu ya juu, akawasha utambi nyuma. Akapiga marufuku: mlango utafunguliwa na yeye peke yake. Zipora mkewe aliomba akiguse chungu tu asikie kikoje. Akamwambia mkono wake una joto lake, usije ukaharibu hesabu. Na tangu hapo namba hazikukaa mahali pamoja. Zikipanda, alikuza moto ili papoe zaidi. Zikishuka, alipunguza. Alikuwa hajalala vizuri siku mbili.

— Saa nne sabini na nne, akasema Signali. Saa nne palipita nini?

— Nitajuaje?

— Ilipita treni ya mizigo kutoka Tanga. Mabehewa kumi na manane. Ardhi ilitikisika mpaka kikombe cha stesheni masta kikahama mezani. Zebaki ni maji, Anaeli. Maji yakitikiswa yanapanda.

— Halafu yanashuka.

— Basi si umeona? Yalipofika hamsini na tisa, treni ilikuwa imekwisha kufika Lembeni.

— Jana jioni hapakuwa na treni, na kimeruka kutoka sitini mpaka sabini na moja.

Signali akanywa kahawa yake taratibu, kama mtu anayepekua ratiba.

— Jana jioni lilipita toroli la mafundi.

— Treni iache, akasema Bama. Kipimo hicho kinashtuka. Kule Burma ukimfungulia mlinzi mlango ghafla, anafyatua. Sasa hicho kiko gizani, kimetulia, mara mlango wazi, mara uso wa mtu wenye miwani. Wewe ungebaki sitini na tano?

— Zebaki haina macho.

— Haina macho, lakini inapanda. Inapanda kwa nini? Gonga kwanza. Piga hodi, hesabu mpaka kumi, ndipo ufungue.

Anaeli akafuta miwani yake. Asubuhi ile, Zipora akiwa kisimani, alikuwa amekwisha kupiga hodi.

— Mnazunguka tu, akasema Filipo. Kabati hilo la friji linajua. Mgiriki aliweka nini humo? Siagi. Maziwa. Nyama ya kondoo.

— Na bia, akasema Yahaya.

— Bia ya chupa imefunikwa, kabati haliioni. Hii yenu iko wazi, inapumua. Kabati lililozoea siagi haliwezi kukaa na kitu hicho likatulia. Tena ni chombo gani hicho? Unawasha moto nyuma, mbele panapoa. Moto unaotoa baridi. Hilo peke yake lingenikosesha usingizi.

— Mzee Filipo, wewe dengelua uliionja lini mara ya mwisho? akauliza Yahaya.

— Sijaionja. Ndiyo maana naizungumza bila upendeleo.

Yahaya akacheka, akageukia makaa yake. Anaeli akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye mistari. Hakuona dosari katika mwandiko wala katika saa. Dosari ilikuwa mahali fulani ambapo daftari halikufika.

— Nimeazima na kingine, akasema. Cha mwenye duka huyu. Nikavitundika pamoja jana. Cha Mgiriki kikasema sitini na tatu. Cha dukani kikasema sabini.

— Kwa wakati mmoja?

— Kwa wakati mmoja. Cha dukani kilikuwa karibu na mlango.

Bama akapiga goti lake.

— Hapo umejieleza mwenyewe. Cha Mgiriki ni Mzungu. Cha dukani ni Mhindi. Serikali imesemaje mwaka huu? Mpiga kura apige kura tatu: ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Zikipungua, karatasi yako inatupwa. Wewe una mbili. Matokeo utayapata wapi?

— Na kipimo cha Mwafrika kinauzwa wapi?

— Hilo hata serikali haijasema.

Hata Filipo alitabasamu. Signali ndiye aliyekataa kucheka, kwa sababu nadharia ya treni ilikuwa imeachwa njiani.

— Tuseme namba zimetulia, akasema. Tuseme pombe ni nzuri kabisa. Jumamosi chungu kinapandaje? Jua la Same litakipiga mpaka mguu wa mlima. Kikifika Vudee ni siki ileile, mjomba anaomba maji yaleyale.

Hilo lilikuwa la kweli, na kweli yake ikawatia kichaa wote. Bama alikuwa amebeba majeruhi miaka miwili, akaanza kupanga.

— Friji yenyewe ipande. Nguzo mbili, watu wanane, wanne mbele, wanne nyuma. Isimame wima, moto ukiwaka.

— Moto ukiwaka?

— Bila moto ni sanduku. Mmoja atembee kandokando akikinga utambi kwa kofia. Mmoja abebe mafuta ya taa. Mmoja atangulie akiondoa mawe.

— Mafuta ya taa nitabeba mimi, akasema Filipo. Lakini ijulikane nabeba mafuta ya taa tu.

— Na mimi nitakuwa na bendera, akasema Signali. Nyekundu wakiyumba, kijani waendelee.

— Anaeli atakuwa nyuma na daftari.

— Nani atafungua mlango njiani nisome?

— Hufungui. Unapiga hodi tu.

Wakacheka mpaka mwenye duka akatoa kichwa kuangalia. Anaeli alingoja wamalize. Kisha akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea namba:

— Jana nimepata barua ya Tumainieli. Kurasa mbili. Ameuliza habari za mvua, za mbuzi, za mguu wa mama yake. Ameuliza mpaka habari za benchi hili. Pombe hakuitaja.

Bama aliangalia kofia yake. Yahaya akazunguka na birika, akawajazia wote, hata Filipo aliyekuwa bado na nusu kikombe.

Ndipo akaja mtu kutoka upande wa sokoni, mzee mrefu mwembamba, na kifuko cha chumvi begani. Alikuwa akitafuta kivuli. Anaeli alipomwona akasimama, na wenzake wakajua bila kuambiwa. Ni Elirehema wa Vudee, mjomba wa Ruthi, yule aliyeomba maji.

— Shikamoo, mzee, wakasema Signali na Yahaya.

— Marahaba. Hamjambo hapa?

— Hatujambo. Karibu kahawa.

— Ahsante. Bwana Anaeli, wa nyumbani wazima?

— Wazima. Na huko juu?

— Wazima. Nimefuata chumvi ya ng'ombe.

Wakamwachia nafasi katikati. Elirehema akaketi na kifuko magotini, akapuliza kahawa. Watu wote wakawa watu wa kupuliza kahawa. Ingefaa waendelee hivyo mpaka aondoke, na Anaeli alikuwa akiomba moyoni iwe hivyo, lakini Signali hakuumbwa kwa ajili ya kimya.

— Tulikuwa tunasaidiana na huyu ndugu, mzee. Kipimo kinamruka.

— Kipimo gani?

Na hapo vyote vikamwagika: friji, Mgiriki, soksi, sitini na tano ya Vudee, treni, siagi, kura tatu, watu wanane na nguzo. Anaeli alitamani ardhi ya Same ipasuke. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kubadili uso, kisha akanyoosha mkono. Anaeli akampa daftari.

Elirehema alifungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alitazama namba kama anavyotazama mbuzi wa mtu mwingine, kwa heshima na kwa makini.

— Kazi nyingi, akasema.

— Namba arobaini na tatu, akasema Anaeli.

— Na kipimo umekiweka wapi?

— Kinaning'inia kwa uzi, rafu ya juu.

— Chungu kiko wapi?

— Chini.

— Havigusani?

— Havigusani.

Mzee akageuza ukurasa mmoja nyuma, halafu mwingine.

— Basi katika namba hizi, akauliza, ya pombe ni ipi?

Bama aliangalia upande wa milima kana kwamba jibu lingeshuka kutoka huko. Filipo, aliyejua yote ya pombe, alisogeza kikombe chake karibu na birika. Anaeli alirudia swali ndani ya kichwa chake mara mbili, akalipitisha kwenye namba zote arobaini na tatu, ya kwanza mpaka ya mwisho. Hewa. Hewa. Hewa. Kila mara alipofungua mlango, joto la Same liliingia kabla hajavaa miwani.

— Sijui, akasema.

Akaweka kikombe chini, akaondoka. Mwanzoni alitembea. Alipofika kwenye kona ya msikiti akakimbia, na watu wa benchi wakasimama ili waone vizuri, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona Bwana Stoo akikimbia.

Alirudi baada ya muda mfupi, akihema, amekishika kipimo wima mbele yake kwa mikono miwili, kinadondosha pombe.

— Kimetoka chunguni sasa hivi, akasema. Ndani kabisa.

Signali akainama, akasoma.

— Themanini na nane.

— Imechemka, akasema Filipo.

Anaeli akageuza kipimo, akakitazama mwenyewe. Elirehema akakigusa kwa ncha ya kidole.

— Hicho sasa kinapima joto la barabarani, akasema. Twendeni kwenye chungu.

Wakaenda wote. Hata Yahaya alifunika makaa akafuata, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku ya kazi. Zipora aliona kundi likiingia uani na mumewe mbele kashika kile kitu, akajifunga kanga vizuri, akamwamkia mgeni wa Vudee, akaleta kigoda. Alipoelezwa walichokuja kufanya, aliuliza neno moja.

— Kimeoshwa?

Hakikuwa kimeoshwa. Kilikuwa kimekimbia Same nzima. Zipora akakichukua, akakiosha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akatoboa tundu katika jani la mgomba lililofunika chungu, akakipenyeza mpaka shingoni na kuufunga uzi kwenye mpini wa upawa uliolazwa juu. Akafunga mlango.

— Tusubiri, akasema Anaeli.

Walisubiri wakisikiliza mafuta yakiwaka nyuma ya friji. Hatimaye Anaeli akavaa miwani kwanza, ndipo akafungua. Akakivuta kipimo juu kidogo, kiasi cha kusoma tu.

— Sitini na sita.

Akafunga. Wakangoja. Akafungua.

— Sitini na sita.

— Niachie mimi, akasema Bama. Akafungua, akafunga kwa kishindo, akafungua tena mara tatu kama mtu anayetaka kumfumania mwizi.

— Soma sasa.

— Sitini na sita.

— Mngeniuliza Jumanne, akasema Zipora. Chungu cha galoni nne kitapata joto saa ngapi, wakati mtu anatafuta miwani?

Signali aliomba wasiamue mapema. Saa kumi na moja kasorobo treni ya abiria kutoka Moshi inaingia, akasema, na hapo ndipo tutajua. Wakaingojea. Ilipoingia, masufuria yaligongana ukutani na vumbi likashuka kutoka darini. Anaeli akafungua, akasoma, akamtazama Signali kwa huruma.

— Hata nusu? akauliza Signali.

— Hata nusu.

Filipo alisogea kunusa karibu na jani la mgomba, kwa ajili ya ushahidi tu, akasema harufu si ya siki. Zipora akamkaribisha Elirehema aonje. Alikuwa amekwisha kushika kata.

— Hapana, mama. Siku yake bado. Nikionja hapa, Jumamosi nitaonja nini?

Anaeli alichukua kalamu, akaandika chini ya zile namba arobaini na tatu: sitini na sita. Aliacha nafasi ya nyingine, akasubiri. Haikuja nyingine. Mkono wake ulianza kwenda kwenye utambi kwa mazoea, Zipora akausukuma pembeni kwa kiwiko.

— Utambi uacheni hivyohivyo, akasema Elirehema. Alikuwa amesimama, akirudisha chumvi begani. — Sijaonja, na nisipoonja sisemi kitu. Lakini Jumamosi msingoje kupambazuke. Chungu mkifunge kwa blanketi zito lililoloweshwa, mlilowanishe tena kila mkikuta maji. Nguzo zenu mziache huku.

— Na friji? akauliza Bama.

— Na friji. Mkifika mtakuta wanawake wametandika mikeka. Nitawaambia mimi mwenyewe.

Bama na Signali wakatazamana. Mikeka haikutandikwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza waliopeleka chungu walikaa kwenye magogo.

Mzee akafika mlangoni, akainama asigonge kichwa, akageuka.

— Haya, kaa salama, mkwe.

Anaeli alikuwa bado ameinama juu ya daftari, miwani puani, akiangalia ile nafasi tupu. Zipora akamgusa bega.

— Mjibu mtu, akasema.